Maria Callas Mbele ya Wahakiki

Mwimbaji wa opera hupimwa kwa mambo matatu: sauti aliyojaliwa, ufundi wa kuitumia, na uwezo wa kugeuka mhusika mbele ya hadhira. Kwa miongo mingi wahakiki wa Ulaya na Marekani waliyapanga mambo hayo kwa utaratibu huo huo. Uzuri wa sauti ulitangulia, ufundi ukafuata, na uigizaji ukahesabiwa kuwa neema ya ziada. Mwenye sauti tamu alisamehewa hata akisimama jukwaani kama nguzo. Maria Callas, aliyeimba opera kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1965, aliuvunja utaratibu huo. Wahakiki waliomsikia walikubaliana mapema kwamba uwezo wake haukuwa wa kawaida, lakini hawakukubaliana kama sauti yake ilikuwa nzuri. Mabishano hayo yalidumu kuliko maisha yake jukwaani, na kupitia kwayo uhakiki wa opera ulizoea kuuliza swali ambalo awali ulikuwa ukilipita haraka: uzuri wa sauti unatumikia nini?

Uzito wa swali hilo unatokana na hali ya kazi yenyewe. Opera ni tamthilia inayoimbwa, na katika kumbi zake za jadi mwimbaji hatumii kipaza sauti. Koo lake linatakiwa kuvuka okestra ya wapigaji sabini au zaidi na kumfikia aliyekaa ghorofa ya juu kabisa, huku akiigiza mapenzi, hasira au kifo. Mhakiki wa gazeti humsikiliza mara moja tu, akaandika usiku huo huo. Anachokisifu au kukilaumu hutegemea sana alichokuja akikitarajia.

Mwanafunzi wa Athens

Callas alizaliwa New York tarehe 2 Desemba 1923, mtoto wa wazazi Wagiriki wa ukoo wa Kalogeropoulos. Mwaka 1937 mama yake alirudi Ugiriki na binti zake wawili. Mjini Athens, Callas alifundishwa kwanza na Maria Trivella, kisha na Elvira de Hidalgo, soprano wa Kihispania aliyekuwa bingwa wa nyimbo zenye madoido mengi ya sauti. De Hidalgo ndiye aliyempa msingi ambao wahakiki wangekuja kuustaajabia baadaye: sauti kubwa na nzito iliyozoezwa kukimbia na kupambika kwa wepesi wa sauti ndogo.

Mwaka 1939 aliimba Santuzza katika onyesho la wanafunzi la Cavalleria rusticana. Mwaka 1941 alipata nafasi ndogo katika Boccaccio ya Suppé, na Agosti 1942, nchi ikiwa chini ya uvamizi, akaimba Tosca kwa mara ya kwanza. Mwaka 1944 zilifuata Tiefland ya d'Albert na Fidelio ya Beethoven, ya pili ikichezwa katika ukumbi wa wazi wa Herodes Atticus. Magazeti ya wakati huo yalimwona msichana mwenye kipaji cha tamthilia kilichozidi umri wake. Tangu mwanzo, basi, sifa zake hazikuhusu sauti peke yake. Zilihusu mtu aliyejua anachokifanya jukwaani.

Verona na Venice

Baada ya vita alirudi Marekani mwaka 1945, lakini kazi ya maana haikupatikana. Nafasi ilitoka Italia. Tarehe 2 Agosti 1947 aliimba La Gioconda katika uwanja wa kale wa Warumi mjini Verona, okestra ikiongozwa na Tullio Serafin. Mapokezi yalikuwa mazuri bila kuwa ya kutikisa nchi. Jambo kubwa la usiku ule lilikuwa kwamba Serafin, kiongozi mzoefu aliyekuwa amefanya kazi na waimbaji wengi wakubwa, alimsikia.

Tukio lililogeuza maoni ya wahakiki lilitokea Venice, Januari 1949, katika ukumbi wa La Fenice. Callas alikuwa akiimba Brünnhilde katika Die Walküre ya Wagner, ambayo kwa desturi ya Italia ya wakati huo iliimbwa kwa Kiitaliano. Hii ni nafasi ya soprano wa kishujaa, mwenye kifua cha kupambana na okestra nzito. Wakati huo huo ukumbi ulikuwa ukiandaa I puritani ya Bellini, na Margherita Carosio aliyepangiwa nafasi ya Elvira akaugua. Elvira huhitaji sauti nyepesi, ndefu kwa juu na yenye mbio za noti. Serafin alimpa Callas nafasi hiyo, naye akajifunza kwa siku chache huku bado akiimba Wagner. Tarehe 19 Januari 1949 alisimama jukwaani kama Elvira, siku tatu baada ya Brünnhilde yake ya mwisho.

Wahakiki wa Italia walikabiliwa na jambo ambalo mgawanyo wao wa sauti haukuwa na mahali pa kuliweka. Waimbaji walikwisha kugawanywa katika makundi: wa kishujaa, wa nyimbo laini, wa madoido. Kuvuka kutoka kundi moja hadi jingine ndani ya juma moja hakukutarajiwa kwa mtu yeyote. Kuanzia hapo baadhi yao walianza kukumbuka kwamba mgawanyo huo ulikuwa wa karibuni tu, na kwamba waimbaji wa nusu ya kwanza ya karne ya 19 hawakuujua.

Milan yagawanyika

La Scala ya Milan haikumkubali kwa urahisi. Aprili 1950 aliingia humo kama mbadala wa Renata Tebaldi aliyekuwa mgonjwa, akaimba Aida, na mapokezi yakawa baridi. Msimamizi wa ukumbi, Antonio Ghiringhelli, hakuvutiwa. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja, na mafanikio kadhaa katika miji mingine, kabla hajaitwa kwa jina lake mwenyewe. Tarehe 7 Desemba 1951 alifungua msimu kwa I vespri siciliani ya Verdi chini ya Victor de Sabata. Nafasi ya Elena humtaka mwimbaji ashuke chini sana, kisha apande juu sana katika wimbo mmoja. Franco Abbiati, mhakiki wa Corriere della Sera, alimsifu kwa upana huo wa sauti, na tangu hapo Callas akawa nguzo ya ukumbi ule kwa karibu miaka saba.

Kukubalika na wakuu wa ukumbi hakukumaanisha kukubalika na wote waliolipa kiingilio. Watazamaji wa ghorofa ya juu ya La Scala wanajulikana kwa ujuzi wao na kwa ukali wao. Hupiga makofi au miluzi bila kumwogopa mtu. Katika Macbeth ya Desemba 1952, makofi makubwa yalichanganyika na miluzi ya wachache. Upande wa pili walikuwapo wapenzi wa Tebaldi, aliyechaguliwa na kiongozi wa okestra Arturo Toscanini kuimba katika tamasha la kuufungua upya ukumbi huo mwaka 1946. Sauti ya Tebaldi ilikuwa ya mviringo, laini na sawa kutoka chini hadi juu. Kwa waliomshabikia, huo ndio uliokuwa uimbaji, na Callas alikuwa kioja.

Ushindani huo ulikuzwa na magazeti kupita kiasi, ila ndani yake mlikuwa na hoja ya kweli. Pande zote mbili zilisikia kitu kile kile: sauti ya Tebaldi ilikuwa tamu zaidi. Tofauti ilikuwa juu ya kama utamu ndio kipimo cha mwisho.

Sauti ilivyosikika

Waliomhakiki Callas, wawe rafiki au wapinzani, walieleza sauti yake kwa namna zinazofanana. Walisema ilikuwa na kanda tatu zisizofanana. Chini kulikuwa na sauti ya kifua, nyeusi na yenye ukali. Katikati kulikuwa na sauti iliyofunikwa, kana kwamba inatoka ndani ya chupa. Juu kulikuwa na sauti kali na yenye nguvu, ambayo noti zake za kilele zilielekea kuyumba zikishikiliwa kwa muda. Maungio kati ya kanda hizo yalisikika wazi, ilhali shule nyingi za uimbaji hufundisha kwamba yanapaswa kufichwa.

Rodolfo Celletti, mmoja wa wajuzi wakubwa wa historia ya sauti nchini Italia, hakuona haya kusema kwamba ukiisikiliza sauti hiyo kama mlio mtupu, ilikuwa mbaya: nene, kavu, isiyo na ulaini wala mng'aro. Hata hivyo aliongeza kwamba sehemu ya mvuto wa Callas ilitokana na upungufu huo huo. Kwa kuwa sauti yake haikuwa na uzuri wa kudumu wa kuilinda, ilipokea rangi tofauti kwa kila mhusika, na rangi hizo zilikaa kichwani mwa msikilizaji kwa miaka. Hukumu ya Celletti ni ya thamani kwa sababu haikwepi upande wowote. Inataja kasoro kwa jina lake, kisha inaonyesha kazi ambayo kasoro hiyo iliifanya.

Teodoro Celli alikwenda mbali zaidi. Katika insha iliyosomwa sana mwishoni mwa miaka ya 1950, alitetea wazo kwamba sauti ya Callas ilikuwa ya karne nyingine. Alimweka katika ukoo wa Maria Malibran na Giuditta Pasta, waimbaji wa enzi za Rossini, Bellini na Donizetti. Hoja hiyo haikuwa ya kishairi tu. Pasta ndiye aliyeandikiwa Anna Bolena ya Donizetti mwaka 1830, na La sonnambula na Norma za Bellini mwaka 1831. Mwandishi Stendhal, aliyemsikia Pasta na kumweleza katika kitabu chake kuhusu maisha ya Rossini, alibainisha kwamba sauti ya mwimbaji huyo haikuwa ya aina moja kutoka chini hadi juu, na akaiona tofauti hiyo kuwa chanzo cha nguvu yake. Ikiwa muziki huo ulitungwa kwa ajili ya koo la namna hiyo, basi kumlaumu Callas kwa kutokuwa na sauti moja iliyo sawa ni kumpima kwa kipimo ambacho Bellini mwenyewe hakukitumia.

Kuhusu ufundi, mabishano yalikuwa machache. Hata wapinzani walikiri kwamba mbio zake za noti, trili zake na ngazi zake za kushuka nusu toni kwa nusu toni zilikuwa sahihi kwa kiwango kilichokuwa kimesahaulika. Zaidi ya usahihi, aliyageuza madoido kuwa maneno. Katika muziki wa Bellini na Donizetti, mapambo ya sauti yalikuwa yamechukuliwa kwa muda mrefu kuwa maonyesho ya wepesi wa koo. Callas aliyaimba kama kilio, tishio au wazimu, kila moja kwa uzito wake. Wahakiki wengi waliandika kwamba walikuwa wakizisikia opera walizozijua tangu utotoni kana kwamba ni mpya.

Mwili, mkono na kimya

Kati ya 1953 na 1954 Callas alipungua uzito kwa zaidi ya kilo 30. Wapo waliodai baadaye kwamba kupungua huko ndiko kulikoiharibu sauti yake, na wapo waliopinga. Hoja hiyo haijapata mwisho. Lililo dhahiri ni kwamba mwili mpya ulimfungulia milango ya kufanya kazi na mwongozaji Luchino Visconti, na kwamba maonyesho yao matano ya La Scala kati ya 1954 na 1957 yaliwalazimisha wahakiki wa muziki kuandika kuhusu jukwaa kwa makini waliyozoea kuitumia kwa sauti.

Kwanza ilikuja La vestale ya Spontini, tarehe 7 Desemba 1954. Machi 1955 ikafuata La sonnambula, okestra ikiongozwa na Leonard Bernstein, ambamo Callas alivikwa maleba na kupewa mwenendo wa mcheza baleti wa karne ya 19. Lakini onyesho lililozua ubishi mkubwa lilikuwa La traviata ya tarehe 28 Mei 1955, chini ya kiongozi Carlo Maria Giulini na katika mandhari ya Lila De Nobili. Visconti alikisogeza kisa hadi mwishoni mwa karne ya 19. Wageni wa tendo la kwanza wakishaondoka, Violetta alivirusha viatu vyake pembeni, jambo ambalo baadhi ya wahakiki waliliona kuwa utovu wa adabu usiofaa kwa La Scala. Katika tendo la mwisho alikufa akiwa amevaa koti na kofia, tayari kutoka, macho yakiwa wazi. Wengine walilalamika kwamba mwongozaji ameinyang'anya opera kutoka kwa mtunzi. Wengine waliandika kwamba kwa mara ya kwanza wamemwona Violetta mwanamke wa kweli. Leo onyesho hilo linatajwa miongoni mwa yaliyobadilisha uongozaji wa opera katika karne ya 20.

Aprili 1957 Callas na Visconti waliifufua Anna Bolena, opera iliyokuwa imelala kwa muda mrefu. Mwisho wa tendo la kwanza, malkia anapoambiwa kwamba atahukumiwa na majaji, Callas aliwasukuma walinzi, akaja hadi ukingo wa mbele wa jukwaa na kuyatupa maneno yake usoni mwa hadhira. Usiku ule ulihesabiwa miongoni mwa ushindi wake mkubwa.

Waliojaribu kueleza uigizaji wake waligundua kwamba haukuwa wa kupita kiasi. Alitumia ishara chache. Alisimama bila kusogea kwa muda mrefu, kisha mkono mmoja ukainuka, na ukumbi mzima ukautazama. Yeye mwenyewe alieleza kwamba Serafin alimfundisha kuitafuta kila ishara ndani ya muziki, kwa kuwa mtunzi amekwisha kuiandika. Alikuwa pia na macho yasiyoona mbali, kiasi kwamba hakuweza kumwona vizuri kiongozi wa okestra. Ilimbidi aujue muziki wote kwa moyo na kuufuata kwa masikio. Hapo ndipo ilipotoka ile hali ambayo wahakiki waliirudia mara nyingi: kwamba alionekana kuusikia muziki kabla haujapigwa.

London, Chicago na New York

Nje ya Italia, kila mji ulimpokea kwa mazoea yake. Covent Garden ya London ilimsikia kwanza katika Norma tarehe 8 Novemba 1952. Nafasi ndogo ya Clotilde iliimbwa na Joan Sutherland, ambaye alikuwa bado hajapata jina. Wahakiki wa London walisifu trili, mbio za noti na hadhi ya mhusika, lakini wakataja sauti iliyofunikwa katikati na ukali wa noti za juu. Uhakiki huo wa Waingereza, wa kuorodhesha sifa na kasoro kwa utulivu, uliendelea hadi mwisho wa kazi yake, na hadhira ya London ikabaki kuwa rafiki yake mwaminifu.

Chicago ilimpokea kwa shangwe. Tarehe 1 Novemba 1954 aliimba Norma katika msimu wa kwanza wa Lyric Theatre, na Claudia Cassidy wa Chicago Tribune, mhakiki aliyeogopwa kwa ukali wake, akawa miongoni mwa watetezi wake wa dhati.

New York ilikuwa tofauti. Alipoimba Norma kwa mara ya kwanza katika Metropolitan Opera tarehe 29 Oktoba 1956, jarida la Time lilikuwa limetoka na picha yake kwenye jalada na makala ndefu iliyozungumzia ugomvi wake na mama yake na wapinzani wake. Watu waliingia ukumbini wakiwa na hukumu mkononi. Howard Taubman wa New York Times aliandika kwamba sauti hiyo ilimtatiza, na kwamba nyakati nyingine ilionekana kuumbwa kwa nguvu ya nia kuliko kwa kipaji cha kuzaliwa. Maneno hayo yalikusudiwa kuwa sifa iliyopunguzwa, lakini yanaeleza vizuri kilichowagawa wasikilizaji. Aliyependa sauti ionekane zawadi ya asili alihuzunika. Aliyeheshimu kazi na utashi alivutiwa. Kwa jumla Callas aliimba maonyesho 21 tu na kampuni hiyo katika maisha yake.

Usiku wa kushindwa na kelele za magazeti

Si kila lawama ilitokana na chuki. Februari 1956 aliimba Rosina katika Il barbiere di Siviglia ya Rossini katika La Scala, na karibu kila aliyeandika alikubali kwamba ameshindwa. Uchekeshaji wake ulikuwa mzito, na msichana mjanja wa Rossini akageuka mwanamke mgomvi. Giulini, aliyeongoza okestra, alilikumbuka onyesho hilo kama miongoni mwa mabaya kabisa katika kazi yake. Tukio hilo linafaa kukumbukwa na wapenzi wa Callas, kwa sababu linaonyesha kwamba akili yake ya jukwaa ilikuwa na mipaka. Mwaka uliofuata aliirekodi opera hiyo hiyo London, na safari hii Rosina wake akasifiwa kwa wepesi na ucheshi.

Mambo mengine yaliyomwandama hayakuhusu sanaa hata kidogo. Agosti 1957, La Scala ilipokuwa Edinburgh, aliimba maonyesho manne ya La sonnambula kama mkataba ulivyotaka, akakataa la tano lililoongezwa, na magazeti yakaandika kwamba ameutoroka ukumbi. Nafasi yake ilichukuliwa na Renata Scotto. Tarehe 2 Januari 1958 alifungua msimu wa Opera ya Roma kwa Norma, Rais Giovanni Gronchi akiwa ukumbini na redio ikitangaza moja kwa moja. Baada ya tendo la kwanza hakurudi. Alikuwa mgonjwa, na hapakuandaliwa mbadala. Taifa zima lilichukulia kuwa ni tusi kwa rais. Novemba mwaka huo huo Rudolf Bing, mkuu wa Metropolitan Opera, aliuvunja mkataba wake baada ya kutokubaliana juu ya mpangilio wa maonyesho. Usiku huo huo Callas aliimba Medea mjini Dallas kwa hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau.

Kelele hizo ziliuathiri uhakiki wenyewe. Mwandishi wa habari za watu maarufu na mhakiki wa muziki walianza kuandika juu ya usiku mmoja, katika gazeti moja, na wasomaji wengi hawakuwatofautisha. Noti iliyotetereka ikawa ushahidi wa tabia mbaya. Onyesho lililoahirishwa likawa kiburi. Mfano bora ni Violetta wake wa London, Juni 1958. Baadhi ya waandishi walisema sauti ilisikika imechoka katika tendo la mwisho. Callas alijibu baadaye kwamba alikuwa ametumia miaka mingi kuutafuta mlio huo wa ugonjwa, kwa kuwa Violetta anakufa kwa kifua kikuu, na kwamba pumzi ya kuushikilia mlio dhaifu ni ngumu kuliko ya kuimba kwa nguvu. Mhakiki alisikia kasoro mahali ambapo mwimbaji alikuwa ameweka maana.

Hata hivyo jibu hilo halikumaliza ubishi. Kufikia 1958 sauti yake ilikuwa kweli ikipoteza uthabiti, na mpaka kati ya udhaifu wa mhusika na udhaifu wa koo ulikuwa mwembamba. Mhakiki mwaminifu alilazimika kuvisikia vyote viwili kwa pamoja.

Sauti inapopungua

Kuanzia 1959 maonyesho yake yalipungua. Aliimba Norma katika ukumbi wa kale wa Epidaurus mwaka 1960 na Medea mwaka 1961, Ugiriki ikimpokea kama binti aliyerudi na utukufu. Katika La Scala aliimba Poliuto ya Donizetti Desemba 1960, kisha Medea kuanzia Desemba 1961 hadi 1962, na hapo ndipo ulipokoma uhusiano wake na ukumbi huo. Wahakiki waliona noti za juu zikiyumba zaidi, huku maneno yakitamkwa kwa uzito usiopungua.

Januari 1964 alirudi Covent Garden katika Tosca iliyoongozwa na Franco Zeffirelli, Tito Gobbi akiwa Scarpia. Mapokezi yalikuwa makubwa. Tendo la pili lilirekodiwa kwa ajili ya televisheni mwezi Februari, na ni miongoni mwa picha chache zinazomwonyesha akiigiza opera jukwaani. Tosca wa Zeffirelli hakuwa malkia wa mikao. Alikuwa mwanamke aliyetishwa, anayefikiri mbele ya macho ya hadhira, na kisu anachokikuta mezani kinamshtua kabla hajakikamata. Uhakiki wa onyesho hilo ulikuwa na sura moja: sauti imepungua, na onyesho ni kubwa kuliko sauti.

Hukumu kama hiyo ilirudiwa New York Machi 1965, alipoimba Tosca mara mbili katika Metropolitan Opera. Mwezi Mei, mjini Paris, alishindwa kuimaliza Norma yake ya mwisho. Tarehe 5 Julai 1965 aliimba Tosca mara moja Covent Garden, mbele ya Malkia Elizabeth II, na hakusimama tena katika opera. Ziara ya matamasha aliyoifanya na Giuseppe Di Stefano mwaka 1973 na 1974 ilijaza kumbi na kuwahuzunisha wahakiki. Alifariki Paris tarehe 16 Septemba 1977.

Hukumu za baadaye

Mwaka 1969, Callas akiwa bado hai, jarida la redio na televisheni la Italia liliwakutanisha wahakiki Celletti, Fedele D'Amico, Eugenio Gara na Giorgio Gualerzi pamoja na kiongozi wa okestra Gianandrea Gavazzeni na Visconti, ili wajadili nafasi yake katika mfano wa kesi. Si mara nyingi mwimbaji aliyestaafu karibuni hujadiliwa hivyo. Washiriki walikiri kasoro zote zilizokwisha kutajwa kwa miaka ishirini, na bado wengi wao walimweka mahali pa juu.

Rekodi ndizo zilizoimarisha hukumu hiyo. Callas alisaini mkataba na EMI mwaka 1952 chini ya mtayarishaji Walter Legge, na Tosca aliyoirekodi na De Sabata mwaka 1953 haijawahi kukosa wanunuzi. Zaidi ya hizo, maonyesho yake mengi yalinaswa kutoka redioni au kwa siri ukumbini: Lucia di Lammermoor ya Berlin mwaka 1955 chini ya Herbert von Karajan, Anna Bolena ya Milan, La traviata ya Lisbon ya 1958. Msomaji wa leo anaweza kuweka uhakiki wa gazeti upande mmoja na sauti ya usiku ule ule upande wa pili. John Ardoin, mhakiki wa Dallas, alitumia nafasi hiyo katika The Callas Legacy, kitabu kilichotoka mwaka 1977 na kuzichambua rekodi hizo kwa mpangilio wa miaka. Ukaguzi huo umewatetea wahakiki mara nyingi kuliko unavyodhaniwa. Noti walizosema ziliyumba, ziliyumba kweli. Ukubwa waliousikia, ulikuwapo kweli.

Alama ya mwisho ya mapokezi yake iko katika orodha za opera zinazochezwa. Kabla ya Callas, kazi nyingi za Bellini, Donizetti na Rossini zilikuwa zimeachwa, na Medea ya Cherubini ya mwaka 1797 ilikuwa jina la vitabuni. Baada ya Medea yake ya Florence mwaka 1953 na Anna Bolena ya 1957, kumbi zilianza kuzitafuta tena. Joan Sutherland, Leyla Gencer, Montserrat Caballé na Beverly Sills walijenga sehemu kubwa ya sifa zao juu ya muziki huo. Baadhi yao walikuwa na sauti nzuri zaidi, nao wahakiki waliliandika hilo bila kusita. Lakini waliwauliza pia kile walichojifunza kumuuliza Callas: neno hili linasema nini, na kwa nini mhusika analisema sasa.